Barua kwa mwanangu: muda ni dimensheni ya nne, ila ina alama ya kutoa

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Huku wote wazima, na voisi noti yako nimeipata na nimeisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Umeniuliza kwamba kama kweli muda ni dimensheni ya nne kama wanavyosema kila mahali, mbona mtu anaweza kugeuka kushoto akarudi kulia, akapanda akashuka, ila hakuna aliyewahi kugeuka akarudi jana? Alafu ukasema labda ni maneno tu ya kupendezesha. Nimeona nisikujibu kwa simu maana hili sio la dakika mbili, na nataka ubaki na maandishi ili ukitulia uchukue kalamu na karatasi upige hesabu mwenyewe.

Umeuliza penyewe kabisa. Watu wengi wanaikariri ile sentensi, urefu, upana, kimo alafu muda, moja mbili tatu nne, basi wanaendelea na mambo mengine. Wewe umeona kwamba hiyo ya nne haifanani na zile tatu na ni kweli haifanani. Tofauti yenyewe ukiiandika ni kialama kimoja tu cha kutoa kwenye hesabu, lakini kwenye hicho kialama ndo kuna jibu la swali lako, na ndo kunaeleza kwanini saa mbili nzima kabisa zinaweza kutofautiana bila hata moja kuharibika, na mpaka kwanini mpira ukiurusha juu unarudi chini. Kwahiyo nivumilie, tutafika huko kidogo kidogo.

Anza na simu yako. Ukifungua ramani, simu inatafuta namba nne, sio tatu. Kule juu kama kilomita 20,200 kuna setilaiti za GPS, zimebeba saa za atomu, yani saa sahihi kupita kawaida, na kazi yake ni kutangaza bila kupumzika kwamba mimi niko hapa na saa yangu inasema hivi. Simu inapokea huo ujumbe, inaangalia umechelewa kiasi gani njiani, na kwa sababu mawimbi ya redio yanaenda kwa mwendo wa mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kuchelewa kunageuka kuwa umbali. Ungedhani setilaiti tatu zinatosha kujua uko wapi, na zingetosha kweli kama simu ingekua na saa ya atomu ndani yake, ila haina, ina kasaa ka kawaida, kwahiyo muda wenyewe nao haujulikani, unakua ndo kisichojulikana cha nne, na visivyojulikana vinne vinataka milinganyo minne. Ndo maana zinahitajika setilaiti nne angalau. Yani "niko wapi" na "ni saa ngapi" vinatatuliwa pamoja kwa mkupuo mmoja, ukikosea muda kwa nanosekunde moja, sehemu moja ya bilioni ya sekunde, tayari umekosea mahali kwa sentimita 30, ambayo ni urefu wa rula yako ya shule. Hebu ishike hiyo rula uiangalie. Huo urefu ni nanosekunde moja ya mwanga. Kuanzia leo ujue rula inapima na muda pia.

Lakini hapa wengi ndo wanaishia, na hapa sio penyewe. Kuhitaji namba nne hakutoshi kuwa ushahidi, maana ningeweza kukwambia uniandikie na joto la hapo ulipo ikawa namba ya tano, na joto halijageuka kuwa dimensheni. Wazo la kuuhesabu muda kama kipimo cha nne ni la zamani tu, Mfaransa Jean d'Alembert alishaliandika mwaka 1754 kwenye Encyclopédie, ile ensaiklopedia kubwa ya Wafaransa, akisema kuna mtu anayemfahamu mwenye wazo hilo, na kwa karibu miaka 150 halikubadilisha chochote cha maana kwenye fizikia. Na usichanganye pia na ile dimensheni ya nne ya wanahisabati wanaochora michemraba ya ajabu, ile ni dimensheni ya nne ya mahali, ni kitu kingine.

Kinachofanya dimensheni iwe dimensheni ni kwamba inabadilishana na wenzake. Weka kalamu mezani, ielekeze kushoto kwenda kulia. Kwako hiyo kalamu yote ni upana, haina kina hata kidogo. Sasa izungushe kidogo tu. Upana umepungua, kina kimeongezeka, kalamu ni ileile. Mtu aliyekaa pembeni ya meza atakupa namba zake za upana na kina na hazitafanana na zako hata kidogo, lakini kila mmoja akichukua namba zake mbili, akazidisha kila moja kwa yenyewe, akajumlisha, mtapata jibu moja, kwa sababu mnapima kalamu moja. Hiyo ni Pythagoras unayemjua. Upana na kina ni dimensheni za kitu kimoja kwa sababu mmoja anachokiita upana mwingine anakiita kina na wote wako sahihi. Kwahiyo swali la kuuliza kuhusu muda ni hili: je, muda unaweza kubadilishana na umbali namna hiyo? Ninachokiita mimi muda, kuna mtu mwingine aliye sahihi kabisa ambaye kwake sehemu yake ni umbali?

Mpaka mwaka 1905 jibu la kila mtu lilikua hapana.

Kilicholeta kelele ni mwanga. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley, kule Cleveland, Marekani, walitafuta tofauti ya mwendo wa mwanga inayotakiwa kuonekana kwa sababu Dunia inakimbia kuzunguka Jua kama kilomita 30 kila sekunde. Ukiukimbilia mwanga unatakiwa uuone unakuja kwa haraka zaidi, ukiukimbia unatakiwa uuone unakufata polepole, si ndio? Hawakuona tofauti waliyoitegemea. Mwanga unaenda mwendo uleule kwa kila anayeupima, hata awe anakimbia vipi, na leo tunaujua ni mita 299,792,458 kwa sekunde, namba ambayo tangu 1983 ndo inatumika kuamua mita moja ni ndefu kiasi gani. Sasa mwendo ni umbali kugawanya kwa muda. Kama watu wawili wanaokimbia tofauti wanapata mwendo mmoja wa mwanga uleule, basi umbali wao na muda wao haviwezi kuwa sawa, kuna kitu lazima kilegee. Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekua anafanya kazi ofisi ya hataza, yani ya kusajili uvumbuzi, kule Bern, Uswisi, akakubali kwamba kinacholegea ni muda na umbali vyote viwili.

Ila Einstein mwenyewe hakusema dimensheni ya nne. Aliyesema ni Hermann Minkowski, ambaye alikua amemfundisha Einstein hisabati kule Zürich. Tarehe 21 Septemba 1908, Cologne, Ujerumani, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake akawaambia kwamba kuanzia sasa mahali peke yake na wakati peke yake vitafifia viwe vivuli tu, na kitakachobaki kimesimama chenyewe ni muungano wa hivyo viwili. Naipenda sana hiyo hotuba. Miezi michache baadae, Januari 1909, alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo, ana miaka 44 tu, hakuwahi kuona wazo lake limefika wapi, na Einstein ambaye mwanzoni hakulichangamkia alikuja kulihitaji kupita kiasi.

Sasa chukua kalamu. Alichosema Minkowski ni kwamba kwenye kalamu ya mezani unajumlisha, upana kwa upana kujumlisha kina kwa kina. Kwenye muda na umbali kuna namba vilevile ambayo kila mtu ataipata sawa hata awe anakimbia vipi, ila ili uipate hujumlishi, unatoa. Muda mara muda, TOA umbali mara umbali. Ukipima muda kwa miaka, umbali upime kwa miaka ya nuru, yani umbali ambao mwanga unaenda kwa mwaka mmoja, ili viwe vipimo vya aina moja.

Tupige hesabu. Nyota iko mbali miaka ya nuru 3. Mtu anaondoka na chombo kinachoenda asilimia 60 ya mwendo wa mwanga. Sisi tuliobaki tutahesabu miaka 5 mpaka afike, maana 3 gawanya kwa 0.6 ni 5. Haya, 5 mara 5 ni 25, umbali 3 mara 3 ni 9, 25 toa 9 ni 16, kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Basi. Saa ya huyo msafiri inasoma miaka 4. Akigeuza na kurudi ni 4 mingine, amerudi na miaka 8 wakati sisi tumekaa 10. Kama alikua pacha wako, wewe umemzidi miaka miwili. Umeona hizo namba? 3, 4, 5, ile pembetatu mraba ya darasani, hapa imegeuzwa, ule upande mrefu wa 5 ndo wa yule aliyekaa.

Na hapa ndo nataka uelewe vizuri maana watu wanapotea hapa. Saa haipimi mto fulani unaotiririka sawa kwa wote. Saa ni kama ile mita ya kilomita kwenye dashibodi ya gari, inahesabu urefu wa njia yake yenyewe. Madereva wawili wakitoka sehemu moja wakakutana sehemu moja, mmoja kanyoosha na mwingine kazunguka, mita zao zitatofautiana na hakuna atakayesema mita ya mwenzake mbovu. Pacha aliyesafiri hakuhisi chochote kimepungua, moyo wake ulipiga kawaida, nywele zilikua kawaida, alipita tu njia yenye muda mchache ndani yake. Tofauti ni kwamba barabarani aliyezunguka ana namba kubwa, ila kwenye muda, kwa sababu ya ile alama ya kutoa, aliyezunguka ana namba ndogo. Njia iliyonyooka ndo yenye muda mrefu kuliko zote. Rudia hiyo sentensi taratibu, maana tutaitumia tena kwenye mpira.

Najua utauliza nani kaona. Kuna vichembe vinaitwa mioni, vinazaliwa juu kama kilomita 15 pale mionzi ya anga za juu inapogonga hewa, na uhai wake wa wastani ni maikrosekunde 2.2, yani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Ukiwa na muda huo, hata uende na mwendo wa mwanga wenyewe, utafika mita 660 hivi kisha kwisha. Lakini mioni zinafika mpaka chini, kiganja chako hicho ukikilaza sasa hivi karibu mioni moja inakipita kila sekunde. Mioni inayoenda asilimia 99.8 ya mwendo wa mwanga, saa yake kwetu inaenda polepole karibu mara 16, ndo maana inafika. Ila ukimuuliza mioni mwenyewe angekwambia saa yake iko sawa, ni zile kilomita 15 ndo zimefupika, kwake haifiki hata kilomita moja. Sisi tunasema muda umerefuka, yeye anasema umbali umefupika, na ukipiga hesabu ya kutoa kwa namba zetu na kwa namba zake unapata jibu lilelile. Unaona? Ni kalamu ileile mezani, sisi tumekaa upande huu yeye amekaa upande ule.

Alafu Oktoba 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walichukua saa nne za atomu, za sesiamu, wakapanda nazo ndege za kawaida za abiria, wakaizunguka Dunia kuelekea mashariki, kisha wakaizunguka tena kuelekea magharibi, wakazilinganisha na saa zilizobaki chini. Zilizoenda mashariki zilipoteza kama nanosekunde 59, zilizoenda magharibi zikazidi kama nanosekunde 273. Zinatofautiana kwa sababu Dunia nayo inazunguka kwenda mashariki, kwahiyo ndege ya mashariki inajumlisha mwendo wake juu ya mwendo wa Dunia na ya magharibi inapunguza, na juu ya hapo kuna habari ya kuwa juu angani, nitaieleza sasa hivi. Nanosekunde 273 ni rula zako 273 zikipangwa kwenye mstari. Sio kitu cha kufikirika.

Kama mambo yako hivyo mbona hatuyaoni kila siku? Kwa sababu sekunde moja ya muda ni sawa na kilomita 300,000 za umbali, na sisi kwa sekunde moja tunatembea mita moja na kidogo. Kwenye karatasi ya Minkowski, ukichora muda kwenda juu na umbali kwenda kulia, wote tunapanda karibu wima kabisa, bega kwa bega, tumepinda kidogo mno, kwahiyo muda wangu na wako unafanana mpaka tukadhani ni kitu kimoja kwa wote. Hata mwanaanga anayekaa mwaka mzima kwenye kituo cha anga cha kimataifa, anayekimbia zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, anarudi akiwa nyuma yetu kwa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde.

Sasa mpira. Mwaka 1915 Einstein alimaliza kazi yake kubwa kuliko zote, akasema uvutano sio nguvu inayovuta kwa kamba isiyoonekana, ni kwamba hiyo karatasi ya mahali na wakati yenyewe imepinda karibu na vitu vizito. Na karibu na Dunia sehemu kubwa ya huko kupinda iko kwenye muda, yani saa iliyo juu inaenda haraka kidogo kuliko iliyo chini. Robert Pound na Glen Rebka waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 60 ndani ya jengo moja la Chuo Kikuu cha Harvard, tofauti ya kimo ilikua mita 22.5 tu. Mwaka 2010 watafiti wa Boulder, Colorado, waliinua saa moja sentimita 33 juu ya mwenzake, wakaona tofauti. Rula moja na kidogo! Kichwa chako kinazeeka haraka kuliko miguu yako, kwa kiasi kidogo mno lakini ndo hivyo.

Basi urushe mpira juu wima, udake palepale baada ya sekunde mbili. Utakua umepanda karibu mita 4.9, sio 2 na sio 10. Kwanini 4.9? Ulivyofundishwa ni kwamba Dunia inauvuta, na hesabu inatoka sawa, sikukatazi. Lakini sikiliza hii nyingine. Mpira una matukio mawili, kutoka mkononi na kurudi mkononi, na kati ya hayo ungeweza kupita njia yoyote. Ungeweza kubaki tu mkononi kwa hizo sekunde mbili, au kuruka mpaka mita 50 na kurudi mbio. Ukikaa juu unakusanya muda mwingi zaidi maana huko saa zinaenda haraka. Lakini kufika juu sana ndani ya sekunde mbili inabidi ukimbie, na kukimbia kunakula muda, si unakumbuka alama ya kutoa. Kwahiyo kuna njia moja ya katikati ambayo saa ya mpira inakusanya muda mwingi kuliko njia nyingine zote zilizo karibu nayo, na njia hiyo ni ile ya mita 4.9. Mpira hauvutwi popote, unapita njia iliyonyooka kwenye karatasi iliyopinda, na iliyonyooka ndo yenye muda mrefu zaidi. Mara ya kwanza nilipoelewa hii nilikaa kimya muda mrefu, na mpaka leo nikiona mtoto anarusha mpira naiwaza.

Na ile simu yako inajua yote haya. Saa za setilaiti za GPS zinakimbia karibu kilomita 3.9 kwa sekunde, kwa hilo zinapoteza kama maikrosekunde 7 kwa siku, lakini ziko juu sana, kwa hilo zinazidi kama maikrosekunde 45, ukitoa zinabaki zimewahi 38 kila siku. Maikrosekunde 38 ni nanosekunde 38,000, zidisha kwa rula yako, ni zaidi ya kilomita 11 za kupotea kwa siku moja kama zingeachwa zilivyo. Kwahiyo mafundi walizitegea saa hizo mwendo wa polepole kidogo kabla hazijarushwa, ili zikifika kule ziende sawa na zetu.

Haya, jana. Kwenye meza, ukizungusha kalamu, ncha yake inachora duara, na duara linafunga, utaanzia kuelekea mbele utaishia kuelekea nyuma bila kukwama popote. Hiyo inatoka kwenye kujumlisha. Ukitoa badala ya kujumlisha, hupati duara. Chora mstari wa muda kwenda juu na wa umbali kwenda kulia, alafu tafuta sehemu zote ambazo muda mara muda toa umbali mara umbali ni 16. Utapata haipabola, vipande viwili vilivyoachana kabisa, kimoja juu upande wa kesho, kingine chini upande wa jana, havigusani popote. Kugeuka kwenye muda ni kubadilisha mwendo wako, ndo usukani pekee tulionao, na ukiongeza mwendo unateleza kwenye kipande cha juu, unalalia kuuelekea mstari wa mwanga, unaukaribia, unaukaribia, huufikii kamwe, na kile kipande cha chini kiko ng'ambo ya mwanga. Hakuna kuzunguka. Kwahiyo umeona sawasawa kwamba huwezi kugeuka, na sababu haipingi dimensheni ya nne, inatoka ndani yake. Kwanini tunaikumbuka jana na sio kesho, hilo ni swali jingine, alama ya kutoa inatenganisha pande mbili ila haisemi upande upi ni upi, hapo anaingia mwanafizikia Ludwig Boltzmann na habari ya mvurugiko, yani vitu kuelekea kuvurugika, tutaongea siku nyingine.

Kuna kitu kimoja kigumu kukipokea, na sitaki ukisikie kwa mwingine kikakutisha. "Sasa hivi" ya sehemu za mbali sio moja kwa wote. Sizungumzii kwamba mwanga wa Jua unachukua dakika 8 na sekunde 20 kutufikia, hiyo ni kuchelewa tu. Nazungumzia hata ukishaondoa kuchelewa kwa mwanga kwenye hesabu. Galaksi ya Andromeda iko miaka ya nuru kama milioni 2.5. Wewe umekaa, mimi napita mbele yako natembea kuielekea kwa mwendo wa kawaida wa miguu, na hesabu yangu ya siku gani "inaendelea sasa hivi" kule inatofautiana na yako kwa siku kama nne. Wote tuko sahihi. Ni upana na kina cha kalamu tena, umbali mkubwa mno ukizungushwa kidogo tu unatoa kipande cha muda.

Einstein aliliamini hili mpaka moyoni. Machi 1955 rafiki yake wa siku nyingi, Michele Besso, alipofariki, aliiandikia familia yake kwamba kwa wanaoiamini fizikia tofauti ya jana, leo na kesho ni mazigazi tu, hata kama ni mazigazi sugu. Yeye mwenyewe alifariki mwezi uliofuata. Ni maneno ya mtu anayefariji wafiwa na nayaheshimu, lakini kwangu mimi yanazidi kidogo kile ambacho hesabu inasema. "Sasa" ya mbali ndo inayumba. Kinachoweza kusababisha kingine hakiyumbi. Matukio mawili ambayo ukitoa umbali kwenye muda kinabaki kitu, yani mtu au chombo kiliweza kutoka la kwanza kikafika la pili, mpangilio wake ni mmoja kwa kila anayeangalia, awe anakimbia vipi, awe kwenye galaksi gani. Nilizaliwa mimi, alafu ukazaliwa wewe. Hakuna chombo wala nyota ambayo kutoka kwake hilo litageuka, na ukipita njia yangu kutoka tukio la kwanza mpaka la pili, idadi ya miaka iliyomo humo kila mmoja ataipata ileile.

Sasa zamu yako. Nyota nyingine iko miaka ya nuru 4, chombo kinaenda asilimia 80 ya mwendo wa mwanga, kwenda na kurudi. Niambie sisi tutakua tumehesabu miaka mingapi na aliyesafiri atarudi na mingapi. Alafu jaribu ya pili yenye ugumu kidogo, chombo kilekile ila msafiri asigeuze, aendelee moja kwa moja bila kurudi: nani kati yetu na yeye mwenye haki ya kusema mwenzake ndo amebaki kijana? Usitafute jibu mtandaoni kwanza. Chora karatasi, muda juu, umbali kulia, unitumie picha hata kama haijakamilika.

Mama yako